Kiasi na Upande: Robo Nne za Duara, Kutoka Ujjain Hadi Palma

Swali hili humfikia kila mwanafunzi wa sekondari, awe Palma, Mtwara au Lamu: saini ya pembe ni 3/5, na pembe yenyewe iko kwenye robo ya pili ya duara, tafuta kosaini na tanjenti yake. Mwanafunzi anakumbuka kwamba mraba wa saini ukijumlishwa na mraba wa kosaini ya pembe ileile, jibu ni 1 siku zote. Anatoa 9/25 katika 1, inabaki 16/25. Anatafuta kipeuo cha pili, anapata 4/5. Anapiga mstari chini ya jibu na kuendelea. Mwalimu anamkosesha. Katika robo ya pili kosaini ni hasi, kwa hiyo jibu ni −4/5, na tanjenti ni −3/4.

Walimu wengi huliita kosa hili uzembe. Mimi naona kuna jambo zito zaidi. Swali hilo limebeba maarifa ya aina mbili ambayo hayatoki chimbuko moja. Mlinganyo unajua kiasi tu: unakwambia namba ni nne ya tano, basi. Haujui kama umesimama mashariki au magharibi ya kitovu cha duara, na haupati kujua hata ukiubana namna gani. Upande hutoka mahali ulipo, au mahali kilipo kitu unachokipima. Kila jamii iliyofanya hesabu hizi ililazimika kuamua upande utahifadhiwa wapi, na nikiyaweka mapokeo yao kando kwa kando naona kwamba hesabu zenyewe zinafanana mno, ila hapo kwenye upande kila jamii ilishika njia yake.

Nalinganisha nikiwa na Mute mawazoni, kijiji cha wilaya ya Palma katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji. Mji wa Palma uko karibu nyuzi 10 na dakika 46 kusini mwa ikweta, na nyuzi 40 na dakika 28 mashariki ya Greenwich. Mute haiko mbali kiasi cha kuharibu hesabu zitakazofuata. Sababu ya kuichagua pwani hii ni kivuli. Tarehe 21 Juni, jua likiwa limefika mwisho wa safari yake ya kaskazini, fimbo ya mita 1 iliyosimamishwa wima hapa hutupa kivuli cha adhuhuri cha sentimita 68, nacho hulalia kusini. Tarehe 21 Desemba kivuli cha fimbo hiyohiyo ni kama sentimita 22, nacho hulalia kaskazini. Kati ya hapo kuna siku mbili, karibu na tarehe 20 Februari na tarehe 21 Oktoba, ambapo jua hupita utosini hasa na fimbo haina kivuli. Mtu wa Baghdad, Damascus au Lisbon hajapata kuliona hili kwao. Kivuli chake cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima, kiwe kirefu kiwe kifupi. Yeye anaweza kuisahau alama ya kivuli na asipate hasara yoyote. Mtu wa Mute hawezi.

Nianze na mafundi wa nyumba, kwa kuwa ndio walio karibu, na kwa kuwa vitabu vya historia ya hisabati huwaruka. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefundisha Maputo kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2014, aliandika namna wajenzi wa vijijini nchini Msumbiji wanavyopata msingi wa nyumba wenye pembe mraba nne bila kipimapembe. Njia mojawapo ni hii. Fundi anachukua kamba mbili zenye urefu sawa na kuzifunga pamoja katikati kabisa. Analaza chini mwanzi wenye upana anaoutaka wa nyumba, anapigilia vijiti kwenye ncha zake mbili, kisha anafunga ncha moja ya kila kamba kwenye kijiti chake. Anazivuta kamba hadi zikaze. Pale ncha mbili zilizobaki zinapogusa ardhi, anapigilia vijiti vingine viwili. Msingi umepatikana, na pembe zake zote ni mraba.

Tuutazame msingi huo kwa karibu. Fundo liko katikati, na ncha nne za kamba ziko umbali mmoja kutoka kwenye fundo. Maana yake vijiti vyote vinne viko juu ya duara moja ambalo hakuna aliyelichora. Tuseme kila kamba ina mita 10 na mwanzi una mita 6. Urefu wa nyumba utakuwa mita 8, fundi atake asitake. Nusu ya kamba ni 5, nusu ya upana ni 3, nusu ya urefu ni 4: saini ni 3/5 na kosaini ni 4/5. Fundi alijua kipimo kimoja, na kamba iliyokazwa ikampa kile asichokijua. Hii ndiyo kazi inayofanywa na mlinganyo wa saini na kosaini, na hapa imefanywa kwa mkono bila kuandika tarakimu hata moja. Vijiti vinne ndizo robo nne. Ukisimama kwenye fundo, kijiti cha kaskazini-mashariki na cha kaskazini-magharibi vyote viko mita 3 upande wa kaskazini. Saini yao ni ileile. Kinachovitenganisha ni kwamba kimoja kiko mita 4 mkono wa kulia na kingine mita 4 mkono wa kushoto.

Kuna hatua moja katika kazi ya fundi ambayo ndiyo roho ya habari hii. Mwanzi ukishalazwa na vijiti viwili vya kwanza vikishapigiliwa, kamba zinaweza kuvutwa upande huu wa mwanzi au upande ule. Vipimo vitatoka sawasawa vyovyote iwavyo. Upande mmoja nyumba itaangukia kwenye kiwanja chake. Upande wa pili itaangukia barabarani au kwenye shamba la jirani. Fundi haihitaji kamba imwambie avute wapi. Ameshajua kabla hajaifunga, kwa sababu amekaa na wenye kiwanja na kuoneshwa mpaka. Kwake yeye upande hutangulia na kiasi hufuata. Na huu si ujuzi wa makumbusho: tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na hasa baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, familia nyingi za wilaya hii zilikimbia, na zilizorudi zimelazimika kusimika nguzo upya.

Wahindi waliuhifadhi upande kwa namna nyingine. Aryabhata, aliyeandika mwaka 499, alilibana jedwali lake la saini ndani ya ubeti mmoja: tofauti 24, kila moja kwa hatua ya nyuzi 3 na dakika 45, nusu kipenyo cha duara kikiwa 3438. Jedwali linakoma kwenye nyuzi 90. Sayari, lakini, haikomi hapo. Inazunguka duara zima. Wanafalaki wa Ujjain na kwingineko wakaweka kanuni ya robo: katika robo ya kwanza na ya tatu, hesabu tao ambalo sayari imekwisha kulipita, katika robo ya pili na ya nne, hesabu tao lililobakia kabla robo haijaisha. Pembe ya nyuzi 143, kwa mfano, imo katika robo ya pili na imebakiwa na nyuzi 37. Basi tafuta saini ya 37. Kiasi kikishapatikana, wanauliza sayari iko katika nusu ipi ya duara, ile inayoanzia nyota za Hamali au ile inayoanzia Mizani, na jibu ndilo linaloamua kama masahihisho yataongezwa au yatapunguzwa. Brahmagupta, mwaka 628, alikuwa tayari ameandika kanuni za kuzidisha na kugawanya namba alizoziita mali na deni, kwa hiyo hasi kwao haikuwa kitu cha kuogopwa.

Napenda njia hii kuliko zote zilizoandikwa kabla ya karne ya 18. Inamlazimisha anayehesabu aulize sayari imetoka wapi na inaelekea wapi, badala ya kukariri orodha ya alama. Upande umefanywa kuwa sehemu ya mwendo.

Tena Wahindi wa kusini waliishi chini ya kivuli kama cha Mute. Madhava, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15 na ambaye shule yake ya Kerala ilizipata saini kwa mfululizo usio na mwisho wa kuongeza na kupunguza karne mbili na zaidi kabla ya Ulaya, alitoka mahali ambapo wengi hupatambua kuwa Irinjalakuda, kiasi cha nyuzi 10 na dakika 20 kaskazini mwa ikweta. Palma iko nyuzi 10 na dakika 46 kusini. Kiasi kinakaribiana sana. Alama ndiyo tofauti. Kule pia kivuli cha adhuhuri hugeuka mara mbili kwa mwaka, katikati ya Aprili na mwishoni mwa Agosti. Majahazi ya kaskazi na kusi yalikuwa yakipita kati ya pwani hizi mbili karne kwa karne, na abiria yeyote aliyesimamisha fimbo katika bandari zote mbili mwezi Desemba angeliona hilo: Malabar, pwani ya Kerala, kivuli kirefu, Cabo Delgado kifupi.

Ulimwengu wa Kiislamu uliipokea saini kutoka India na kuifanyia kazi kubwa. Abu al-Wafa al-Buzjani, aliyefariki Baghdad mwaka 998, aliziweka saini, kosaini, tanjenti na wenzao juu ya duara moja, akaonyesha jinsi kila moja inavyopatikana kutokana na nyingine, na akaona faida ya kuchukua nusu kipenyo kuwa 1. Ndiyo milinganyo tunayofundisha hadi leo. Al-Biruni, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025 juu ya kutafuta mahali pa miji, alifanya kazi nzito ya kupata kibla cha Ghazna kwa njia kadhaa na kuzilinganisha. Lakini wote hawa hawakuandika hasi katika majedwali yao. Upande waliuhifadhi katika maneno ya kanuni: kama jua liko kaskazini, ongeza, kama liko kusini, punguza, kama mji uko mashariki ya Makka, geukia magharibi.

Walikuwa hata na kipimo cha kuikwepa hasi kabisa. Badala ya kosaini walitumia mara nyingi kile walichokiita mshale, yaani 1 ukitoa kosaini. Wahindi pia walikuwa nacho. Kosaini ikiwa chanya, mshale hupungua 1. Kosaini ikigeuka hasi, mshale huzidi 1. Chini ya sifuri haushuki kamwe. Chukua jua la Palma. Tarehe 21 Juni jua linazama likiwa limetembea nyuzi 85 na robo hivi tangu adhuhuri, na mchana una saa 11 na dakika 22. Tarehe 21 Desemba limetembea nyuzi 94 na robo tatu hivi, na mchana una saa 12 na dakika 38. Kosaini ya Juni ni 0.08 na ya Desemba ni −0.08: namba moja, robo mbili tofauti. Kwa mshale ni 0.92 na 1.08, na aliyezoea kazi anaona mara moja kwamba la Desemba limevuka robo. Ni ufumbuzi wa busara, na nasikitika kwamba shule zetu zimeuacha.

Alasiri inaonyesha bei ya kuusahau upande. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapotimia urefu wa kitu chenyewe ukiongeza kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Mute tarehe 21 Juni hiyo ni 1 na 0.68, yaani 1.68, na namba hiyo ndiyo kotanjenti ya kimo cha jua. Kwa mlinganyo mwingine wa jamaa hiyohiyo, 1 ukijumlisha na mraba wa kotanjenti unapata mraba wa kinyume cha saini. Saini inatoka 0.51, na jua liko kama nyuzi 31 juu ya upeo. Hadi hapa hakuna alama iliyoulizwa. Ili kupata saa, lazima uchukue saini hiyo ya kimo na kuondoa zao la saini ya latitudo na saini ya umbali wa jua kutoka ikweta, kisha ugawanye kwa zao la kosaini zake. Mute ni kusini, jua la Juni ni kaskazini. Alama zinapingana, zao ni hasi, na kuondoa hasi ni kuongeza. Alasiri inaingia saa 3 na dakika 18 baada ya adhuhuri. Atakayefuata kanuni ya mji wa kaskazini bila kuigeuza atapata saa 4 na dakika 4. Milinganyo yake yote itakuwa sahihi, na adhana itachelewa kwa dakika 46.

Kibla chenyewe kina kisa chake hapa. Makka iko karibu nyuzi 39 na dakika 50 mashariki, na pwani ya Waswahili imejipinda kiasi cha kuuvuka mstari huo wa longitudo zaidi ya mara moja. Lamu iko mashariki ya mstari, kwa hiyo kibla chake ni kaskazini kwa kuegemea magharibi, kama nyuzi 2 na nusu. Mombasa, Unguja na Kilwa ziko magharibi ya mstari, na kibla kinaegemea mashariki. Unguja zaidi kidogo ya nyuzi 1, Kilwa kama nusu ya nyuzi. Ukifika Palma umevuka tena, na kibla kinaegemea magharibi kwa nyuzi 1 na kidogo. Nahodha aliyeshuka kutoka Lamu hadi Palma akiswali kila bandari, alama ya tanjenti ya kibla chake iligeuka mara mbili njiani. Tofauti ni ndogo na sheria haimbani mtu kwa nyuzi 1. Kwa mwalimu wa hesabu, hata hivyo, sijui mfano ulio bora kuliko huu.

Al-Khalili, mtunza nyakati wa Msikiti wa Umawiyya huko Damascus katika karne ya 14, alitunga jedwali la kibla linalobaki kuwa fahari ya elimu ya falaki: latitudo kutoka nyuzi 10 hadi 56 kaskazini, na tofauti ya longitudo na Makka kutoka nyuzi 1 hadi 60. Palma iko nje ya jedwali hilo kwa pande zote mbili. Iko kusini mwa ikweta, na tofauti yake na Makka haifiki nyuzi 1. Aliyetaka kibla chake ilimbidi arudi kwenye kanuni na kuisoma upya kwa alama za kusini.

Chombo cha wanafalaki hawa kinasema mengi kwa umbo lake. Rubu mujayyabu ni robo ya duara tu, ya mbao au shaba, imechorwa mistari ya saini, na uzi wenye risasi unaning'inia kutoka kwenye kitovu. Kwa robo hiyo moja walipata nyakati za swala, urefu wa minara na kimo cha nyota yoyote. Robo tatu zilizobaki hazikuhitaji kuchongwa, kwa kuwa viasi vyake ni vilevile. Upande ulibaki kichwani mwa anayekishika chombo.

Baharini hakuna muda wa jedwali refu. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, aliyemaliza kitabu chake kikubwa cha ubaharia karibu mwaka 1490 na kutunga pia utenzi wa njia ya kutoka Malabar hadi Sofala, alipima nyota kwa vidole. Kipimo kilikuwa kibao na kamba yenye mafundo. Unashika fundo kwa meno, unainua kibao hadi kizibe nafasi kati ya upeo wa bahari na nyota. Kidole kimoja ni kama nyuzi 1 na dakika 36 au zaidi kidogo. Ukisafiri kaskazini moja kwa moja, zamu 8 za saa tatutatu zinakuinulia nyota kidole kimoja. Ukienda mshazari unahitaji zamu zaidi, na maalimu, yaani marubani wa bahari, walikuwa na hesabu ya kila njia ya dira. Wareno walikuwa na orodha ya namna hiyohiyo kwa ligi: 17 na nusu kwa nyuzi moja ukienda kaskazini, 24 na robo tatu ukienda kaskazini-magharibi. Zote mbili ni 1 ikigawanywa kwa kosaini ya pembe ya njia, ingawa maalimu hawakuiita hivyo. Na zote mbili zinanyamaza kuhusu jambo lile lile: kaskazini-magharibi na kaskazini-mashariki zina namba moja. Dira ndiyo inayosema. Nyota ya Kaskazini yenyewe haionekani Cabo Delgado. Iko chini ya upeo, na kimo chake kwa hesabu ni hasi. Maalimu hawakuandika kimo hasi. Walihamia nyota nyingine, Farkadani na kisha zile saba za Banati Naashi, ambazo bado huinuka juu ya bahari ukiwa kusini.

Wareno walipoivuka ikweta katika karne ya 15 walikumbana na tatizo la Mute moja kwa moja. Kwao, latitudo ya adhuhuri ilikuwa kazi rahisi kwa sababu kivuli kilikuwa na upande mmoja. Kitabu chao cha kanuni za astrolabu na kwadranti, ambacho nakala yake ya zamani zaidi inayojulikana ilichapwa karibu mwaka 1509, kimejaa masharti: jua liko kaskazini au kusini mwa ikweta? Kivuli chako kinaanguka wapi? Kivuli na jua viko upande mmoja au vinapingana? Jua likiwa utosini, usiongeze wala usipunguze. Umbali wa jua kutoka ikweta ndio latitudo yako. Kila sharti ni robo mojawapo ya duara iliyoandikwa kwa maneno ya baharia.

Nitoe mfano mmoja tu. Tarehe 21 Juni jua la adhuhuri la Palma liko karibu nyuzi 55 na dakika 47 juu ya upeo. Rubani anayeijua namba hiyo na tarehe, asiyetazama kivuli, ana majibu mawili yaliyo halali sawasawa. Kivuli kikianguka kusini, yuko nyuzi 10 na dakika 46 kusini, Palma. Kikianguka kaskazini, yuko nyuzi 57 na dakika 39 kaskazini, kwenye maji ya Göteborg, Sweden. Hakuna mlinganyo utakaomtoa kwenye utata huo.

Ndiyo maana naamini Wareno na mabaharia wa pwani hii waliokutana Kisiwa cha Msumbiji mwezi Machi 1498 walikuwa karibu kuliko walivyodhani. Mwandishi wa kumbukumbu za safari ya Vasco da Gama alieleza kwamba mabaharia wa hapo walikuwa na sindano za dira, kwadranti na ramani za bahari. João de Barros, aliyechapisha historia yake mwaka 1552, anasimulia kwamba rubani aliyepatikana Malindi, anayemwita Malemo Cana, hakushangazwa na astrolabu kubwa ya mbao aliyooneshwa. Alieleza vyombo vya shaba vilivyokuwa vikitumika Bahari ya Shamu. Watu wengi wamesema rubani huyo alikuwa Ibn Majid. Taarifa za Kireno zinamtaja kuwa mtu wa Gujarat, na nawaunga mkono wanahistoria wanaolikataa dai hilo.

Leonhard Euler, katika kitabu chake cha mwaka 1748, ndiye aliyeumaliza mfumo tunaoutumia. Nusu kipenyo ni 1, saini na kosaini ni namba tupu zinazotegemea tao, na alama imo ndani ya namba yenyewe katika robo zote nne. Faida yake ni kubwa na sitaki kuipunguza. Masharti yote ya kitabu cha Wareno yanakuwa mstari mmoja. Programu ya simu inayotoa nyakati za swala Palma, Muscat na Göteborg inatumia kanuni ileile bila kuuliza kivuli kiko wapi, kwa kuwa kusini kumeandikwa hasi tangu mwanzo.

Lakini ilipofika ubaoni, alama ilifika bila mahali pake. Mwanafunzi wa Palma anaisoma kwa Kireno, mwenzake wa ng'ambo ya Ruvuma anaisoma kwa Kiingereza, na wote wawili wanapewa jedwali dogo la chanya na hasi la kukariri pamoja na msemo wa kulikumbukia. Hawaambiwi kwamba jedwali hilo ni vijiti vinne vya nyumba. Kikokotoo nacho hakiwasaidii: ukikiuliza ni pembe gani yenye saini 3/5 kitakwambia nyuzi 36 na dakika 52 kila siku, hata kama pembe yako ni ile ya nyuzi 143 na dakika 8. Tanjenti ina hatari zaidi, kwa sababu ukigawanya 3 kwa −4, au −3 kwa 4, jibu ni lilelile −3/4, na habari ya upande imekufa ndani ya kugawanya. Watunga programu wameliona hili. Katika lugha za kompyuta kuna njia ya kutafuta pembe ambayo hupokea namba mbili mbalimbali badala ya uwiano mmoja, ili alama zote mbili zisalimike. Kwa kibla cha Palma namba hizo ni −0.011 na 0.572: magharibi kidogo, kaskazini sana. Ukizigawanya kwanza na kuanza kutafuta pembe baadaye, hesabu itakubali kwa moyo mkunjufu uipe Makka kisogo.

Kwa hiyo ningeomba mpangilio wa somo ugeuzwe katika shule za pwani hii. Swali la kawaida linampa mwanafunzi robo kama zawadi, limeiandika pale pale, na yeye anaipita bila kuiona kwa sababu hakuifanyia kazi. Afadhali aitafute mwenyewe. Aanze na kamba mbili na mwanzi uwanjani, aandike alama za vijiti vinne kabla ya kupima chochote, kisha aletewe swali la namna hii: fimbo ya mita 1 imesimamishwa Mute adhuhuri, na kivuli chake ni sentimita 68 kuelekea kusini. Ukichukua kaskazini kuwa chanya, sema kwanza saini ya umbali wa jua kutoka utosini ina alama gani, na utaje ulichokitazama ukaijua. Halafu tafuta saini na kosaini zenyewe. Mwisho, rudia kazi yote kwa kivuli cha Desemba cha sentimita 22 kuelekea kaskazini, na ueleze kwa nini kosaini haikubadili alama ilhali saini imebadili.